Ficha Ndoano, Usihamishe Samaki: Somo la Chambo Laini kwa Vikundi vyenye Mabwawa



Mwezi huu tunajibu swali la vijana wa kikundi kimoja cha hapa Silibwet. Baadhi yao walikuwa wakifanya kazi katika mashamba ya maua kule Naivasha. Waliporudi nyumbani walikuja na mfuko mdogo wa vidudu vya plastiki. Ukivishika ni laini kama ulimi wa ndama. Vingine vina umbo la mnyoo, vingine vina miguu, mikia miwili na makoleo kama ya kaa. Hivyo ni vyambo vya kuvulia samaki.

Vijana hawa waliuliza mambo mawili. La kwanza: "Vitu hivi vinavikwaje kwenye ndoano? Tumejaribu bwawani, na kila tukitupa tunavuta majani tu." La pili: "Tilapia wetu wamekataa kukua. Je, tunaweza kumleta yule samaki wa Naivasha anayekula vitu hivi, tumtie bwawani awapunguze?"

La kwanza tutalijibu kwa mikono, hatua kwa hatua. La pili tutalijibu kwa ukweli, hata kama wengine walitaka jibu tofauti. Someni somo hili kwa sauti katika mkutano wenu, na mwenye ndoano aje nayo.

1. SAMAKI MWENYEWE NI NANI?

Samaki huyu si wa hapa kwetu. Wageni waliomleta walimwita bass, nasi katika somo hili tutamwita samaki-basi. Aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929 ili watu wapate samaki wa kuvua kwa ndoano. Mdomo wake ni mpana sana, na kona yake hufika nyuma ya jicho. Yeye hawindi kama mbwa anayekimbiza sungura mpaka mlima wa pili. Huwinda kama paka. Hujificha kando ya mafunjo, kisiki au majani mapana, akangoja. Kitu kikipita karibu, hufungua mdomo ghafla na kukifyonza pamoja na maji.

Mwaka 1970 ziwa hilohilo lilitiwa kamba wekundu ambao asili yao ni Louisiana, huko huko Marekani. Sisemi kamba ya kufungia ng'ombe. Kamba huyu ni mnyama wa majini mwenye gamba gumu na makoleo mawili mbele. Akishtuka hupiga mkia na kukimbia kinyumenyume. Samaki-basi alimpenda sana, na kamba akawa chakula chake kikubwa.

Hapo ndipo utakielewa kile kidudu cha plastiki. Makoleo na mikia yake si urembo. Vimetengenezwa vitikisike ndani ya maji kama kamba anayetoroka. Mvuvi anayejua hilo hatakivuta mbio kama mtu anayekusanya nguo mvua ikija.

Kwa nini plastiki laini, na si mti au chuma? Samaki akiuma kitu kigumu hugundua upesi kwamba amedanganywa, akakitema. Akiuma kitu laini kama nyama hukishika kwa muda zaidi, na muda huo mfupi ndio riziki ya mvuvi. Vyambo hivi havikuanzia katika kiwanda kikubwa. Mwaka 1949 bwana mmoja aitwaye Nick Creme na mkewe Cosma, wa mji wa Akron katika jimbo la Ohio, Marekani, walipika minyoo ya plastiki jikoni mwao. Kwa hiyo mkidharauliwa kwamba kikundi chenu kinaanzia jikoni, msikate tamaa.

2. KWA NINI TUNAVUTA MAJANI?

Jibu ni fupi. Ndoano haichagui. Ncha ikiwa nje, itadunga cha kwanza inachokutana nacho. Katika mabwawa yetu cha kwanza ni tete, mzizi, au gunia lililotupwa na mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza ndoano sita kwa asubuhi moja, nikarudi nyumbani na mshipi mtupu na aibu mfukoni. Samaki walikuwa wamo ndani ya majani, nami sikuwa na njia ya kuwafikia.

Wavuvi wa Texas walitatua shida hii kwa kuificha ncha ndani ya mwili wa chambo. Mtindo huo mpaka leo unaitwa mtindo wa Texas. Kanuni yake muikariri hivi: ncha ifichike kwa majani, ifunuke kwa samaki. Chambo kikipita kwenye majani, ncha imelala ndani ya plastiki, haishiki kitu. Samaki akikibana kwa mdomo, nawe ukivuta kwa nguvu, plastiki hubonyea na ncha hutokea. Kazi imekwisha.

3. VIFAA

a) Fimbo yenye roda ya kuzungushia uzi, kwa aliye nayo. Asiye nayo achukue ufito wa mwanzi wa mita 3 au 4, afunge uzi wa urefu uleule. Ufito una faida yake: unaweza kushusha chambo wima katika tundu dogo katikati ya majani.

b) Mshipi, yaani uzi wa kuvulia, unaoweza kuhimili kilo 5 hadi 7. Uzi mwembamba mno hukatika kwenye magugu.

c) Ndoano pana yenye kiwiko shingoni. Iangalieni vizuri: chini kidogo ya tundu la uzi, waya umepinda mara mbili kama kiwiko cha mkono. Kiwiko hicho ndicho kinachozuia chambo kisiteremke. Kwa kidudu cha sentimita 10 tumia namba 3/0. Kwa mnyoo mwembamba, 1/0 au namba 1 inatosha.

d) Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha chambo. Kizuri ni chenye umbo la risasi ya bunduki na tundu katikati. Gramu 5 hadi 10 zinatosha. Maji yakiwa mafupi na majani mengi, punguza mpaka gramu 3 au 5.

Hapa lazima nitoe onyo. Chubwi nyingi ni za madini ya risasi, na risasi ni sumu, zaidi kwa ubongo wa mtoto. Msiyeyushe betri kuukuu za gari jikoni ili kutengeneza chubwi, ati mpate akiba. Moshi wake na vumbi lake huingia mwilini na kukaa. Msibane chubwi kwa meno, na mkishaishika nawa mikono kabla ya kula. Kama hamna ya dukani, nati ndogo ya chuma ya baiskeli itafanya kazi. Itashika majani kidogo zaidi kwa sababu haina ncha mbele, lakini haitamdhuru mtoto wa mtu.

4. KUVIKA CHAMBO: HATUA NANE

Keti mezani kwanza. Usijifunze ukiwa ukingoni mwa bwawa na upepo unavuma.

Hatua ya 1. Pitisha uzi katika tundu la chubwi, upande mwembamba ukielekea fimbo na upande mnene ukielekea ndoano. Ukigeuza, chubwi itasukuma majani kama tingatinga.

Hatua ya 2. Funga ndoano. Pitisha uzi katika tundu la ndoano, uzungushe juu ya uzi wenyewe mara tano. Rudisha ncha ya uzi katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu. Lowesha kwa mate kisha vuta polepole mpaka fundo libane. Mate yana kazi: uzi mkavu ukisuguana hupata moto na kudhoofika.

Hatua ya 3. Shika kidudu, kichwa kikielekea kwako. Ingiza ncha ya ndoano katikati ya kichwa, ndani kiasi cha nusu sentimita, kisha itoe chini, upande wa tumbo.

Hatua ya 4. Vuta ndoano mpaka kiwiko kifike kichwani. Kichwa kikae juu ya kiwiko kama kofia.

Hatua ya 5. Zungusha ndoano nusu mzunguko, ncha itazame tumbo la kidudu.

Hatua ya 6. Usidunge bado! Laza ndoano kando ya kidudu, kiachwe kikining'inia wima. Tazama pindo la ndoano linafika wapi, uweke alama kwa kucha. Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi yote.

Hatua ya 7. Kunja kidudu kidogo, dunga pale penye alama na upitishe ncha moja kwa moja mpaka mgongoni. Achilia. Kidudu kinyooke kabisa. Kikiwa kimevimba katikati au kimejikunja, kitazunguka majini kama pia na kusokota uzi wako. Kitoe uanze upya. Usione haya kurudia mara tatu.

Hatua ya 8. Ncha ikiwa imetokea mgongoni, vuta ngozi ya plastiki mbele kidogo uifunike. Ifunike kidogo tu, kama mtu anayefunika mbegu ya wimbi kwa udongo. Ukiizika sana haitatoka samaki akiuma.

Sasa jaribu. Pitisha kidole polepole juu ya mgongo wa kidudu, kutoka kichwani kuelekea mkiani. Kidole kisidungwe. Halafu bana kidudu kwa vidole viwili, juu na chini, kwa uangalifu. Ncha ichungulie. Ukifaulu majaribio hayo mawili, umehitimu.

Penye majani mengi sana, chomeka kijiti chembamba cha kiberiti katika tundu la chubwi, ukivunje. Chubwi itabanwa karibu na kichwa cha chambo na vyote viwili vitapita pamoja. Usipofanya hivyo, chubwi huangukia upande huu wa jani na chambo kikabaki upande ule.

5. KUTUPA NA KUVUTA

Tupa kando ya majani, si katikati ya maji matupu. Paka yuko wapi? Yuko mlangoni mwa ghala, si katikati ya uwanja. Acha chambo kizame chenyewe huku ukitazama uzi. Mara nyingi samaki-basi huuma wakati chambo kinashuka, na dalili yake ni uzi kuruka kidogo au kwenda kando.

Kikifika chini, ngoja. Hesabu mpaka kumi. Inua fimbo polepole kiasi cha hatua moja, kisha shusha chambo kizame tena. Inua, shusha, ngoja. Ndivyo kamba anavyotembea.

Ukisikia kitu kinagonga, tak-tak, usiruke. Shusha fimbo, kusanya uzi uliolegea, halafu vuta juu kwa nguvu mara moja. Hapa mtindo huu unatofautiana na ndoano ya kawaida: lazima nguvu yako iipitishe ncha kwenye plastiki kwanza, kisha kwenye mdomo. Ukivuta kwa upole samaki atakuachia kidudu chake na kwenda zake.

6. JE, BWAWANI KWETU?

Mabwawa na vidimbwi vyetu vina tilapia na kambare. Tilapia ana mdomo mdogo, kidudu cha sentimita 10 kwake ni kama gogo. Lakini kanuni ileile ya kuficha ncha inafaa, na chambo chake mnacho bure chini ya migomba na kando ya zizi: nyungunyungu, yule mnyoo wa ardhini.

Kwa tilapia, tumia ndoano ndogo, namba 10 au 12. (Kumbukeni, kwa namba hizi za kawaida, namba ikiongezeka ndoano inapungua.) Kata kipande cha mnyoo, ukivike kama soksi, kuanzia ncha kupanda shingoni, ncha ibaki imefunikwa kidogo na nyama. Usiache mkia mrefu ukining'inia. Tilapia ataula huo mkia na kukuacha unashangaa. Weka boya la kijiti kikavu, chambo kikae juu ya magugu badala ya ndani yake.

Kwa kambare, vua jioni, chambo kikiwa chini kabisa. Yeye hutafuta kwa harufu na sharubu zake, kwa hiyo minyoo mitatu minne pamoja au kipande cha maini kitamvuta. Ndoano iwe namba 1 au 1/0. Mdomo wake ni mgumu, kwa hiyo ncha isifichwe ndani sana.

Pengine mtauliza, ndoano ina faida gani kwa kikundi chenye wavu? Ni hii. Wavu unahitaji watu wengi na siku maalumu. Ndoano inaweza kushikwa na watu wawili jioni baada ya kuchuma chai, ikapunguza samaki kidogo kidogo bila kuvuruga maji. Na kupunguza ndiko kunakotuleta kwenye swali la pili.

7. TUMLETE SAMAKI-BASI SILIBWET?

Hapana. Hebu tueleze kwa nini, maana jibu bila sababu si somo.

Kwanza tuelewe shida yenyewe. Tilapia huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu. Katika mpango wa serikali wa vidimbwi ulioanza mwaka 2009, kidimbwi cha mita za mraba 300 kilipangiwa vifaranga 1,000, yaani kama watatu kwa kila mita moja ya mraba. Hao wakianza kuzaana na hakuna anayewatoa, chakula ni kilekile na midomo inaongezeka. Ni kama sufuria moja ya ugali kwa nyumba iliyopokea wageni arobaini. Hakuna anayekufa njaa, lakini hakuna anayenenepa. Kwa hiyo tilapia wenu hawakukataa kukua. Wamekosa nafasi.

Kijana mmoja alimwambia mzee katika mkutano, "Lakini mzee, si ni samaki wawili watatu tu tutakaoleta?" Mzee akamjibu, "Kijana wangu, chai yote hii unayoiona kutoka hapa mpaka Kericho ilianza na miche michache. Tofauti ni kwamba chai haijui kuogelea."

Mzee alisema kweli. Naivasha iko mita zipatazo 1,890 juu ya bahari, nchi ya baridi kama yetu. Samaki aliyestahimili kule anaweza kustahimili hapa. Na mabwawa yetu hufurika mvua ndefu zikija. Maji yakifurika huteremka mtoni Nyangores. Nyangores hupita Tenwek, hukutana na Amala, na hiyo miwili huwa mto Mara. Mara hupita mbuga za wanyama, huvuka mpaka kuingia Tanzania na kumwaga maji yake Ziwa Viktoria. Kile mlichokitia katika bwawa la kikundi kinaweza kuwa cha nchi mbili, na hakuna mkutano utakaoweza kukirudisha. Humo mtoni wamo samaki wa asili kama ningu, ambaye hupanda mito wakati wa mafuriko ili kutaga mayai.

Tuna mifano. Naivasha ilikuwa na samaki mmoja mdogo wa asili, wa ziwa hilo peke yake. Alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Wataalamu wengi humtaja samaki-basi kuwa sababu kubwa ya kutoweka kwake. Kamba wekundu waliotiwa 1970 nao walikula mimea ya chini ya maji. Mwaka 2001 akaanza kuonekana samaki mwingine wa kigeni, karpu, ambaye hudhaniwa alitoroka kwenye vidimbwi vya huko juu na kuteremka na mto. Kufikia mwaka 2010 karpu ndiye aliyejaza nyavu, na samaki-basi mwenyewe akawa wa nadra. Na kwenye Ziwa Viktoria, sangara aliyetiwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alileta fedha nyingi, ni kweli. Lakini pia aliwamaliza aina nyingi za fulu, samaki wadogo waliokuwa mboga ya mtu maskini.

Tena kuna sheria. Tangu Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016, kuhamisha samaki hai au kuwaingiza katika maji mengine si jambo la kuamua nyumbani; ni lazima kupata idhini. Kikundi kikimbeba samaki kwenye mtungi usiku, kinaweza kupoteza zaidi ya bwawa.

Sasa tufanyeje na tilapia waliodumaa? Yapo mambo matatu:

a) Punguzeni mara kwa mara. Tengenezeni zamu ya ndoano ya watu wawili wawili, na mara moja kila baada ya miezi michache piteni na wavu. Samaki wadogo si hasara. Wakaushwe au wakaangwe, wapewe watoto, wagonjwa na mama wanaonyonyesha.

b) Mkianza upya, ombeni vifaranga dume watupu kutoka kituo kinachotambulika. Bila majike hakuna kujaa.

c) Muulizeni ofisa wa uvuvi wa kaunti habari za kutia kambare wachache. Kambare ni wa maji yetu tangu zamani, na atakula vifaranga vya tilapia. Watiwe wakiwa wadogo kuliko tilapia mliowafuga, wasije wakala na wakubwa.

Na wale wenye vidudu vya plastiki? Msivitupe. Mkipata nafasi ya kurudi Naivasha mwende navyo, lakini ulizeni kwanza ofisi ya uvuvi habari ya leseni na kama ziwa limefunguliwa. Msivue ukingoni alfajiri au jioni penye viboko. Samaki-basi aliyeko Naivasha mle huko huko, yeye ni mtamu. Asije Silibwet akiwa hai.

8. USALAMA NA USAFI

Mtu asivue bwawani peke yake. Wawe wawili, na pawepo kamba ndefu iliyofungwa mtungi mtupu uliofunikwa vizuri. Mtu akizama, mtupie mtungi. Usimrukie kama hujui kuogelea. Watoto wakae nyuma ya anayetupa ndoano, tena mbali, maana jicho halina spea.

Kidudu kilichochanika kisitupwe majini wala malishoni. Samaki akikimeza hakisagiki, na ndama naye hachagui. Wekeni mkebe mmoja wa vipande vibovu na nyuzi zilizokatika, mrudi nao nyumbani. Uzi uliotupwa hufunga miguu ya ndege na kwato za mbuzi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini hatua ya 6 inaitwa ndiyo inayoharibu kazi ikirukwa? Mmoja wenu aonyeshe mbele ya wengine.

2. Bwawa letu likifurika, maji yanaelekea wapi? Fuateni kwa miguu mpaka mtoni, kisha mchore ramani chini kwa kijiti.

3. Mara ya mwisho tulitoa samaki lini, na wangapi? Kama hakuna anayejua, nani ataandika kuanzia leo?

4. Ni kitu gani kingine kililetwa hapa kwetu kikiwa kidogo, na sasa hatuwezi kukiondoa?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanakikundi avike chambo mara tano mezani, awe na kidudu cha plastiki au kipande cha sponji ya godoro kilichokatwa umbo la mnyoo. Halafu jioni moja, watu wawili wavue tilapia kwa saa moja, wahesabu na kupima urefu wa kila mmoja kwa rula ya mtoto wa shule. Leteni hesabu hiyo mkutanoni. Mkiona wengi hawapiti urefu wa kiganja, mtajua bwawa lenu limejaa, na mtajua dawa yake iko mikononi mwenu wenyewe.

Vijana wetu walipoambiwa hapana, hawakufurahi siku ile. Lakini mmoja wao alichukua ufito, akakaa ukingoni mpaka giza likaingia, akarudi na tilapia wadogo kumi na saba kwenye karai. Mama yake alivipika vyote. Kesho yake wenzake wawili walikuja kuuliza wapi pa kuchimba nyungunyungu.

Mkifaulu, au mkikwama, tuandikieni. Tutajibu katika toleo lijalo.